Nguruwe wa Mama Mdogo Alivunjika Mguu Gani?

Jastrabinka, 14 Mei

Mwanangu Vendelín,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo huanza kutoa maoni yake kila mvua inapokaribia. Kuku wanataga. Mti wa plamu ulio nyuma ya banda umechanua wote, baridi ya Aprili haikuuweza. Jirani yangu Margita anakusalimu na anauliza kama ni kweli majaji wa katiba hawaruhusiwi kucheka.

Nimekuona kwenye televisheni ukiapa mbele ya Rais. Joho limekukaa vizuri, ila kola ilipinda upande mmoja na nchi nzima imeiona. Nilimwambia Margita, "Huyo ndiye aliyetumbukia kwenye pipa la kabichi akiwa na miaka sita." Akanijibu, "Ndiyo maana wamemweka mjini Košice, huko hakuna mapipa."

Miaka ishirini ya siasa, na sasa umefika huko juu. Ulianza na chama cha njiwa, ukatuletea fulana za bluu. Ukaja na chama cha suke la ngano, ukatuletea kofia za njano. Kisha chama cha nyota, ukatuletea sufuria kubwa la mchuzi wa nyama uwanjani pamoja na wapiga picha wawili. Mbunge mara nne, waziri miezi kumi na moja. Mwaka ule nguruwe wangu nilimwita Waziri, naye alidumu miezi kumi na moja vilevile. Kila ulipokuja ulikaa dakika arobaini, ukapigwa picha umenikumbatia, ukaondoka kabla injini haijapoa. Sikulaumu, nasema tu kwamba picha ninazo nyingi.

Sasa jambo lenyewe. Mikuláš Fecko ni mwenyekiti wa kijiji mwaka wa kumi na sita huu. Alinyamaza posta yetu ilipofungwa, na sasa jengo lenyewe anataka kulijaza mashine za kamari. Mimi nilikaa kwenye dirisha lile miaka thelathini na nane. Hakuna talaka, posa wala msiba wa kijiji hiki ambao haukupita mikononi mwangu. Basi nimechukua fomu. Nagombea mimi, Verona Jurčová, miaka sabini na moja, chama sina.

Wewe ni mtaalamu. Niambie, uchaguzi unashindwa vipi? Yaani mtu anaupata vipi, maana kuukosa najua hata mimi.

Mama mdogo wako,
Verona

Tena uandike kwa mkono. Barua iliyopigwa chapa naiona kama ya kudaiwa umeme.


Košice, 3 Juni

Mpendwa Mama Mdogo,

Milele amina. Naendelea vyema. Nimepata nyumba ya vyumba viwili karibu na mahakama, ghorofa ya tatu, na mwenye nyumba ni bibi mmoja mjane ambaye huning'inizia mfuko wa maandazi ya jibini mlangoni kila Ijumaa. Nimeurejesha wa kwanza kwa sababu jaji hapokei zawadi. Wa pili nimeula.

Barua yako imenifurahisha na kunitia wasiwasi. Tafadhali nielewe. Jaji wa katiba hana chama, hana mgombea na hatoi ushauri wa kampeni, hata kwa mama yake mdogo. Nimeapa. Kwa hiyo sikushauri chochote.

Laiti ningekuwa bado mtu wa siasa, pengine ningekwambia upite nyumba kwa nyumba, wala usiruke hata moja, hasa ya adui. Ningekwambia uwaite watu majina yao na uwaulize hali ya magoti yao kabla hujataja kura. Ningekwambia usizungumze zaidi ya dakika kumi, na ukitoka usigeuke nyuma. Lakini mimi si mtu wa siasa tena, kwa hiyo hayo hujayasikia.

Kusema kweli kazi hii ina ukimya wa ajabu. Asubuhi nasoma majalada, mchana nasoma majalada. Miaka ishirini nilishika mikono mia moja kwa siku. Wiki iliyopita nimejikuta namshika mkono mtu wa kusoma mita ya gesi na kumuuliza watoto wake wanasoma wapi.

Siku ya Watakatifu Wote, tarehe mosi Novemba, nitakuja kuwasha mishumaa kwenye kaburi la mama. Safari hii sina mpiga picha wala dereva. Nitalala siku tatu, kama kitanda changu bado kipo.

Wako,
Vendelín


Jastrabinka, 12 Novemba

Mwanangu,

Umesahau viatu vyako vya ndani chini ya kitanda. Nimevifunika gazeti. Mishumaa ya dada yangu Agneša iliwaka siku nne, Margita aliipitia kila jioni akitoka kanisani. Goti limetulia.

Nimeshinda. Kura mia moja themanini na saba kwa mia moja themanini na nne. Tatu tu, mwanangu! Padri aliniambia nisifurahi mbele za watu, basi niliingia bandani nikafurahi mbele ya kuku. Fecko alipita barabarani kama mtu aliyekanyaga msumari na hataki daktari ajue.

Ahsante kwa kubeba kikapu Jumamosi ile tulipochinja nguruwe. Sijawahi kuona mtu akigawa soseji kwa raha kama wewe, na ile kofia ya manyoya ya marehemu mjomba wako na aproni ya ngozi. Nyumba kumi na saba kwa mchana mmoja! Mimi hutumia siku mbili. Kikapu umekirudisha kitupu, na shavu lako jekundu kama la kijana.

Margita ameniambia jambo kuhusu ziara yako hiyo. Siliandiki.

Verona


Košice, 20 Novemba

Mpendwa Mama Mdogo,

Hongera. Nimefurahi kama raia wa kawaida.

Soseji za mchele na damu nimezimaliza. Supu niliigandisha. Mwenye nyumba wangu amepata kipande cha mafuta ya nguruwe ya moshi na sasa ananiita mwanangu.

Kuhusu Margita, mama huyo tangu zamani husikia vizuri kuliko inavyopasa.

Hali ya hewa hapa ni ukungu.

Vendelín


Jastrabinka, 1 Desemba

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Theluji ya kwanza imeanguka ikayeyuka. Kuku wamegoma kutaga. Kiti cha mwenyekiti kina mguu mfupi, naweka gazeti chini yake.

Fecko amekwenda mahakamani. Mahakamani kwenu hukohuko, maana nimeambiwa kesi za kupinga uchaguzi wa vijiji zinaletwa kwenu, kama vile hamna kazi. Nimepokea nakala, kurasa sita. Anasema Verona Jurčová amenunua kura kwa nyama ya nguruwe. Anasema, na hapa nanukuu, "nguruwe wa mlalamikiwa huchinjwa kila mwaka wiki ya kwanza ya Desemba, lakini mwaka huu amechinjwa tarehe tatu Novemba, siku saba kabla ya kura." Ati mafungu yakapelekwa nyumba kumi na saba "na mwanafamilia mmoja."

Umeona ujanja wake? Anajua fika mwanafamilia huyo ni nani, kijiji kizima kinajua. Hakukutaja. Anatumaini utakaa kimya juu ya kiti chako cha enzi, uogope jina lako, mimi nizame peke yangu.

Na tangu lini mtu akachinja nguruwe Jastrabinka asipeleke fungu kwa majirani? Ukiruka nyumba moja, nyumba hiyo haikusalimii mpaka Pasaka. Kwa Fecko mwenyewe lilipelekwa! Mkewe Helena alilipokea kwa mikono miwili. Yeye kala ushahidi wote, na kabichi pembeni, halafu anaandika kurasa sita.

Mimi nimeijibu mahakama vizuri. Nimesema nguruwe alivunjika mguu, ikabidi achinjwe mapema. Mguu wa mbele wa kulia, aliteleza kwenye barafu.

Je, hilo linatosha kisheria?

Verona


Košice, 7 Desemba

Mama Mdogo,

Naandika kwa ufupi na kwa uzito.

Kesi hiyo sitaigusa. Nimekwisha kumwandikia mkuu wa mahakama kwamba mlalamikiwa ni ndugu yangu, na nimejitoa. Sitaliona jalada, sitauliza, sitajibu. Vilevile nakuomba usiniandikie neno lolote juu yake. Barua yoyote yenye jambo hilo nitairudisha bila kuifungua, kama sheria inavyodai.

Naomba uvae soksi mbili.

Jaji V. Koščo

Tarehe tatu Novemba hakukuwa na barafu.


Jastrabinka, 15 Desemba

Mheshimiwa Jaji Koščo,

Goti linauma, nashukuru kwa kutouliza. Nimekanda unga wa mikate ya Krismasi na nimesaga mbegu za popi kilo mbili, jikoni kote kumekuwa kweusi.

Hii si barua ya kesi. Ni barua ya nguruwe. Nguruwe ni mfugo, mfugo ni habari za nyumbani, na habari za nyumbani hujazikataza.

Basi nguruwe yule, Mungu ampumzishe, alikuwa mpole. Mwaka huu sikumpa jina, maana jina la Jaji lilinishinda, nilihofu kosa la jinai. Alivunjika mguu wa nyuma wa kushoto kwenye tope. Tope, si barafu, niliandika vibaya. Fundi mchinjaji atathibitisha, kwa sababu mwakani anataka kuchinja tena kwangu.

Na kama wangeniuliza huko mahakamani, ambako hatuongelei, kwa nini hasa Novemba, basi jibu langu ni mguu. Mguu tu. Huna haja ya kujua zaidi. Nyamaza kama ulivyonyamaza.

Verona


Košice, 21 Desemba

Mama Mdogo,

Nakurudishia bahasha yako ya tarehe 15 kama nilivyoipokea, haijafunguliwa.

Nakutakia Krismasi njema.

Jaji V. Koščo


Jastrabinka, 28 Desemba

Vendelín,

Mtoto Yesu amezaliwa na wewe hukuja. Niliweka sahani yako mezani kama kawaida, akaikalia paka. Samaki alikuwa na miba mingi. Margita alikuja kuimba, akaimba kama mlango usiotiwa mafuta, lakini alikuja.

Sasa sikiliza. Miaka thelathini na nane nimekaa posta. Bahasha iliyofunguliwa kwa mvuke wa birika naijua nikiwa nimefumba macho, kwa kuigusa tu, maana karatasi huwa imelegea kama shuka iliyoanuliwa mbichi. Na gundi ya ofisi zenu inanuka siki. Ukiwa na miaka kumi ulikuwa unakaa chini ya kaunta yangu ukinitazama nikifanya hivyohivyo kwa barua za mchumba wa Margita. Mwalimu wako ni mimi, na hukusoma vizuri.

Isitoshe, ndani ya mkunjo wa barua niliweka mbegu saba za popi. Zimerudi nne.

Mheshimiwa Jaji wa Katiba! Unavunja siri ya barua yako mwenyewe halafu unaniandikia "haijafunguliwa" na kutia sahihi! Nilicheka mpaka goti likaniuma, nikamwita Margita, akacheka na yeye, ingawa sikumwambia kwa nini. Ukitoka huko juu nitakupa kazi ya kufungua vizibo vya chupa za plamu.

Nimemaliza kucheka. Kwa kuwa unasoma, nasema wazi.

Margita ameniambia ulichosema mlangoni kwake tarehe tatu Novemba. Nimezunguka nyumba zote kumi na saba, nikijifanya nakusanya vyungu vya supu, na wote wamesema hilohilo. Ulitoa fungu, ukauliza magoti, ukamaliza kwa kusema, "Jumamosi ijayo msimsahau mama yangu."

Nyama ilikuwa desturi. Maneno yale yalikuwa kampeni, na aliyeyasema amevaa joho. Nina akili ya kutosha kujua hilo ni zito kuliko nguruwe kumi. Fecko hajui. Hata Helena mkewe hajamwambia, nami sijui kwa nini, sijamuuliza. Nyumba kumi na saba zimefunga mdomo kwa ajili yangu. Ndiyo maana nasema mguu. Nikisema ukweli kwa nini nguruwe alichinjwa mapema, wataniuliza habari zako, na wakianza habari zako watafika milangoni.

Kwa hiyo nyamaza. Mimi mzee, nikipatikana na uongo watanifanya nini? Wewe umepanda miaka ishirini kufika hapo. Usiniharibie kazi yangu ya kukulinda.

Verona


Košice, 11 Januari

Mama,

Nimeandika neno hilo mara tatu nikalikata mara mbili. Sasa limebaki.

Ni kweli, nilitumia birika. Ni kweli nilisema maneno yale, nyumba zote kumi na saba. Kwenye ya kwanza sikukusudia. Mzee wa nyumba ya kona alifungua mlango, akanitazama, akasema, "Vendelín! Umekuja kuomba nini safari hii?" Nikacheka, na mdomo ukasema wenyewe, kama ulivyozoea. Ya pili nilijua. Ya tatu nilifurahia. Ilipofika ya kumi na saba nilikuwa nasimama mlangoni na mguu mmoja ndani, kama nilivyofanya miaka ishirini, na nilijiona hai kwa mara ya kwanza tangu Mei. Nakuambia hili kwa aibu, lakini nakuambia.

Halafu nikanyamaza wiki kumi. Nilikuandikia barua za kijaji na kuzitia sahihi kubwa. Nilisema nimejitoa kwenye kesi, nikajiona msafi, huku nikijua kwamba mtu pekee anayeweza kusema kilichotokea ni mimi. Nawe ukaanza kumvunja nguruwe miguu. Mbele kulia tarehe mosi, nyuma kushoto tarehe kumi na tano. Mwezi mmoja zaidi angekuwa anatambaa.

Umeidanganya mahakama kwa ajili yangu, Mama. Hilo ndilo lililoninyima raha kuliko kulipoteza joho. Mimi ndiye niliyesomea sheria, wewe ndiye unayebeba kosa.

Jana nimemwandikia mkuu wa mahakama. Nimesema kila kitu, kikapu, kofia, milango, maneno, tarehe. Nimesema niko tayari kutoa ushahidi kama mtu yeyote. Na leo asubuhi nimepeleka barua ya kujiuzulu kwa Rais. Sikusubiri waniambie.

Najua inakugharimu kiti. Tofauti ni kura tatu na milango ni kumi na saba, hakuna jaji duniani atakayeipita hesabu hiyo. Nimekuangusha kwa kukusaidia, kisha nimekuangusha tena kwa kusema ukweli. Nisamehe ukiweza. Nakuomba moja tu, uandike upya mahakamani kabla hawajakaa kusikiliza. Umrudishie nguruwe miguu yake.

Kitu kimoja bado sikijui. Kama hakuvunjika mguu, kwa nini ulimchinja Novemba?

Vendelín


Košice, 24 Februari

Mama,

Wiki ya sita hii sijapata jibu lako. Uamuzi umetoka, bila shaka umeupata. Uchaguzi umefutwa, utarudiwa Mei. Nilisoma gazetini kama watu wengine. Jina langu limo mara nne, na picha ni ile ya sufuria la mchuzi.

Nimerudisha joho. Yule bibi mwenye nyumba bado ananiwekea maandazi, na sasa nayapokea bila kufikiri.

Ukikasirika niandikie kwa hasira. Hata bahasha tupu nitaielewa.

Vendelín


Košice, 30 Machi

Mama,

Nimepokea kifurushi. Viatu vya ndani, vimefungwa kwenye gazeti lenye picha yangu, na sura imeelekezwa nje. Hakuna barua.

Sijui kama ni msamaha au ni kufukuzwa. Nimevivaa.

Vendelín


Jastrabinka, 19 Mei

Mwanangu Vendelín,

Tumsifu Yesu Kristo. Goti zima, ndiyo, zima kabisa, na kesho pengine litajutia. Mti wa plamu umechanua tena. Paka amezaa kwenye sanduku la kura la zamani, watano.

Nilikasirika. Usidhani sikukasirika. Nilikuandikia barua nne na zote nikazitia jikoni kwenye moto, maana zilikuwa na maneno ambayo hata posta isingeyapokea. Nilikuwa nimekaa kwenye kile kiti wiki tisa tu, hata gazeti la chini ya mguu lilikuwa halijabanwa vizuri. Niliwaza, mtoto huyu hajawahi kusema ukweli kwa miaka ishirini, na siku aliyochagua kuanza ni hii.

Viatu nilivituma kwa sababu ukungu wa Košice ni wa baridi. Sura nje ilikuwa ni hasira. Vyote viwili kwa pamoja.

Lakini nilifanya ulivyoniomba. Niliiandikia mahakama, "Nguruwe alikuwa na miguu minne mizima, mimi nilisema uongo, naomba radhi." Walinijibu kwa adabu, wakanionya nisirudie. Ile barua nimeiweka fremu.

Tumerudia uchaguzi juzi Jumamosi. Sikugawa hata chai. Nilipita nyumba mia moja na thelathini mikono mitupu, nikaita majina, nikauliza magoti, nikatoka kabla ya dakika kumi, sikugeuka. Hayo nilijifunza kwa mtu ambaye hakunishauri chochote. Kila mlango waliniuliza habari zako kwanza. Fecko alikuwa amewatangazia, "Mnaona familia gani hii, jaji kafukuzwa!" Yule mzee wa kona akamkatiza mbele ya duka, "Hakufukuzwa, ameondoka. Wewe tangu umekaa hapo umewahi kuondoka hata kwenda kukojoa?"

Mia mbili na tisa kwa mia moja sitini na nane. Helena, mke wa Fecko, alinishika mkono nje ya kituo akasema, "Mara ya kwanza ilikuwa soseji na mdomo wa mwanao. Mara hii ni wewe tu." Kumbe na mara ya kwanza alinipa! Basi kura moja ya zile tatu ilitoka chumbani kwa Fecko, na sitamwambia, mradi anipunguzie kelele.

Nilipanga foleni ya mkate leo asubuhi, nikawaambia wote waliokuwepo, kwa sauti, hata ambao hawakuuliza: Vendelín wetu ameingia ofisi nyingi na zote alitolewa kwa kusukumwa au kwa kuruka dirishani kwenda chama kingine. Hii ya mwisho, ya juu kuliko zote, ametoka kwa miguu yake mwenyewe, kupitia mlangoni. Picha ya siku hiyo ndiyo sina, na ndiyo ningeitaka.

Sasa swali lako.

Nguruwe nilimchinja Novemba kwa sababu Juni uliniandikia utalala siku tatu. Basi. Tangu uanze siasa hujawahi kulala kwangu hata usiku mmoja. Desemba usingekuwepo, nami nilitaka ule soseji za moto jikoni, si za kutumiwa kwa basi. Uchaguzi hata sikuufikiria, ingawa najua kila mwanasiasa husema hivyo. Ningeliambia jopo la majaji kwamba bibi wa miaka sabini na moja amechinja nguruwe wa kilo mia na sitini mwezi mzima kabla ya siku zake kwa sababu mwanawe anakuja? Wangecheka. Na ningeona haya kuliko nilivyoona kwa uongo wa mguu.

Na jambo lile Margita aliloniambia, ambalo sikuliandika. Ulidhani ni kura. Aliponieleza yale uliyosema mlangoni, mimi sikusikia Jumamosi wala msimsahau. Nilisikia umeniita mama yako. Tangu Agneša afariki ukiwa na miaka tisa ni Mama Mdogo, Mama Mdogo, hata kwenye picha zile zote uliwaambia waandishi, "Huyu ni mama yangu mdogo." Ikabidi uwaambie kwanza watu kumi na saba kabla hujaniambia mimi. Nilizunguka nyumba zile kukusanya vyungu, lakini ukweli ni kwamba nilitaka wanirudilie maneno.

Kazi sikupi, usije na matumaini. Wewe ni ndugu wa mwenyekiti na mimi sitaki kurasa sita nyingine. Lakini chumba cha juu cha posta kina dirisha zuri, na watu hapa wana kesi za mipaka ya mashamba tangu enzi za mfalme. Wakili mmoja anaweza kuzeeka humo kwa furaha. Kodi utalipa kama mtu mwingine.

Nguruwe wa mwaka huu tayari yuko bandani, mweupe, ana doa sikioni. Tarehe chagua wewe, uchaguzi mwingine ni miaka minne ijayo. Utalala siku unazotaka. Kikapu utabeba wewe, nyumba zote kumi na saba.

Mdomo utafunga.

Mama